Kikasha Kinazima Kila Kinapotuma Meseji: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Kelele za Umeme Kwenye Saketi Ndogo

Hadithi ni ile ile, anayebadilika ni kijana anayeileta. Ametengeneza kikasha cha kuchunga joto la ghala la korosho: ndani kuna maikrokontrola (chipu inayoendesha programu), kihisi cha joto, modemu ya laini ya simu na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuwasha feni. Mezani nyumbani Chikongola, Mtwara, kinafanya kazi bila shida. Akishakibana kwenye boksi la plastiki na kukipeleka ghalani, kila kinapotuma meseji kinazima na kuwaka upya. Au hakizimi, ila joto linaruka kutoka nyuzi 31 hadi 39, linarudi 31, linaruka tena. Amebadilisha programu, wapi. Amebadilisha modemu, wapi. Mwisho ameongeza kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka) kubwa ya mikrofaradi 1000, na ghala bado linamtumia joto la kuzimu.

Ugonjwa wa vikasha hivi ni umeme mchafu unaogawiwa ndani. Kadiri vitu vinavyobanana kwenye nafasi ndogo, ndivyo kinachofanywa na modemu kinavyomfikia kihisi. Nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na kifaa cha mfano ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, konveta ya kushusha umeme ya LM2596, modemu ya SIM800L, maikrokontrola ya ATmega328, kihisi cha LM35 na rilei moja ya volti 5. Kama vifaa vyako ni vingine, badilisha namba tu. Njia ni hiyo hiyo.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vingi utavipata kwa mafundi redio wa mjini. Vilivyobaki agiza Kariakoo vije na basi, ila agiza vyote kwa pamoja, maana kumfuata kondakta stendi kila siku kwa ajili ya koili moja kunachosha.

- Bodi tupu ya shaba, upande mmoja, kipande chenye ukubwa wa kiganja. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote hapa, na ndicho kila mtu anakiruka.
- Kapasita za seramiki za nanofaradi 100, kama kumi hivi, za aina ya X7R. Usichukue Y5V: kwa viwango vyake zinaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake joto linapobadilika.
- Kapasita za seramiki za mikrofaradi 10, volti 16 au zaidi.
- Kapasita za elektroliti: moja ya mikrofaradi 2200 na mbili za mikrofaradi 100, zilizoandikwa nyuzi 105. Zile za nyuzi 85 hazidumu ndani ya boksi lililo chini ya bati. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya elektroliti kwa karibu nusu.
- Koili mbili za mikrohenri 10, yaani nyaya zilizozungushwa ili kuzuia mkondo wa ghafla. Moja iwe inayobeba ampea 1 au zaidi.
- Konveta ya LM2596 ya pili.
- Dayodi ya 1N4007 (hupitisha mkondo upande mmoja tu), rezista za kilo-omu 1, waya wa milimita 0.5 za mraba au mnene zaidi.
- Mita ya kawaida ya umeme, redio ndogo yenye AM, pasi ya kuchomea na risasi.

Osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, ukiwa nayo ni heri. Usipokuwa nayo, endelea kusoma. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika bila hiyo.

## Hatua ya 1: Pima kelele kabla hujagusa kitu

Ukianza kuchomeachomea kabla ya kupima, hutajua kipi kimesaidia. Maikrokontrola yako yenyewe ni kipimo kizuri, na haina gharama.

Andika programu fupi isome LM35 mara 200 mfululizo, kisha ikuonyeshe usomaji mkubwa kabisa na mdogo kabisa. Iendeshe modemu ikiwa imezimwa. Iendeshe tena modemu ikiwa inatuma. Iendeshe mara ya tatu huku rilei inabofya. Andika tofauti ya mkubwa na mdogo kwenye karatasi kwa kila jaribio. Karatasi hiyo usiitupe.

Sasa isome. Kama katika majaribio ya modemu usomaji karibu mmoja kati ya nane umeruka vibaya na mingine imetulia, mkosaji umempata. Modemu ya GSM hairushi mfululizo: inarusha kwa mikrosekunde 577, inanyamaza, inarudia kila baada ya milisekunde 4.615. Hiyo ni sehemu moja ya nane ya muda, mara 217 kwa sekunde. Ndiyo ile *drrr-drrr* unayoisikia kwenye spika simu ikikaribia kuita.

Kama usomaji wote unahama pamoja, kinachoyumba ni volti unayopimia, yaani ile ambayo maikrokontrola inalinganisha nayo ishara, siyo kihisi. Hilo tutalifikia kwenye hatua ya 7. Kama kinaruka pale tu rilei inapobofya, nenda hatua ya 6, kisha rudi.

Halafu chukua redio. Iweke kwenye AM, isogeze karibu na konveta, zungusha kitafuta stesheni taratibu. LM2596 inakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, kwa hiyo kelele yake itasikika karibu na kilohezi 600, 750, 900 na kuendelea, kila baada ya 150. Ukisikia kelele kila baada ya 50 au 60 hivi, chipu yako huenda siyo ile iliyoandikwa mgongoni. Inashusha umeme, sawa, lakini ni chafu zaidi na koili yake inaelemewa mapema.

Onyo: usidanganywe na mita. Mita za kawaida kwenye sehemu ya AC hupima vizuri umeme wa hezi 50 na masafa ya jirani. Kelele ya kilohezi 150 haiioni kabisa. Mita ikisoma sifuri haina maana kwamba umeme ni safi.

Mwenye osiloskopu naye ajihadhari: ule waya mrefu wa mamba wa hasi ni antena. Pima kwa ncha na hasi fupi, vyote viwili vikigusa miguu ya kapasita ile ile, la sivyo utakuwa unapima kelele ya waya wako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Chora njia ya kurudi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Tunapounganisha saketi tunafikiria chanya: umeme utoke betri, ufike modemu, ufike kihisi. Hasi tunaichukulia kama shimo la choo, kila kitu kitupwe humo, kitajua chenyewe kinakokwenda. Lakini kila ampea inayotoka kwenye betri ni lazima irudi betri, na ikirudi kwa waya wenye ukinzani inaacha volti njiani. Hizo volti ndizo kelele yako.

Chukua karatasi. Kwa kalamu nyekundu chora mkondo unavyokwenda kwenye kila kifaa. Kwa nyeusi chora unavyorudi, waya kwa waya, jinsi ulivyounganisha kweli, siyo jinsi ulivyokusudia. Kisha tafuta kila mahali ambapo vifaa viwili vinarudi kwa waya mmoja.

Nitakupa hesabu ya kikasha changu mwenyewe, kilichonila wiki tatu. Nilitumia zile nyaya nyembamba za jampa, kama milimita 0.08 za mraba. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa takriban omu 0.215 kwa mita. Modemu na LM35 vilikuwa vinarudi kwa jampa moja ya sentimita 20, yaani omu 0.043. Modemu inapovuta ampea 2 kwenye mpigo wake, waya huo unabaki na volti 0.086. Milivolti 86.

LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo hasi ya kihisi ikinyanyuliwa milivolti 86, maikrokontrola inaona joto limepanda nyuzi 8.6. Kutoka 31 hadi 39 na ushee. Ghala halikuwa na moto wowote. Kulikuwa na jampa moja ya shilingi chache.

Ndiyo maana nimeichoka ile dawa ya kuongeza kapasita kubwa. Kapasita haifupishi waya.

Utajua umefaulu: kwenye mchoro wako umeweka alama kila sehemu ambayo mkondo wa modemu au wa rilei unapita kwenye hasi ya kihisi au ya maikrokontrola. Kama hukupata hata moja, chora upya, umechora ulichokusudia.

## Hatua ya 3: Jenga hasi upya juu ya bodi ya shaba

Ng'oa bredibodi, ile bodi ya matundu ya kuchomeka nyaya bila risasi. Bredibodi ni ya kujaribia wazo. Vibanio vyake vinalegea, na kwenye hewa yetu ya chumvi, hasa ukikaa Shangani au Mikindani karibu na maji, miezi michache tu vinashika kutu ya kijani.

Ile bodi tupu ya shaba iwe sakafu ya kikasha, na shaba yote iwe hasi. Vifaa vipange juu yake, na kila mguu wa hasi uuchomee moja kwa moja kwenye shaba kwa njia fupi kuliko zote. Nyaya za chanya zipite juu, zikiwa zimelala karibu na shaba.

Kwa nini shaba pana ishinde waya? Ukinzani wake ni mdogo sana, hilo linaeleweka. La pili ndilo kubwa: mkondo unaobadilika haraka hupenda kurudi ukiwa chini kabisa ya waya uliokwendea. Ukiupa sakafu nzima, unajichagulia njia hiyo wenyewe, na duara kati ya kwenda na kurudi linakuwa dogo. Duara dogo halirushi kelele nyingi na halinasi nyingi.

Mpangilio wa kukaa nao ni huu. Umeme uingie upande mmoja wa bodi. Modemu na konveta yake vikae hapo hapo mlangoni. Rilei ifuate. Maikrokontrola katikati, kihisi na waya wake mwisho kabisa upande wa pili. Hivyo mkondo mzito unaingia na kutoka mlangoni bila kupita sebuleni kwa mgonjwa.

Onyo: usikate mfereji kwenye shaba ili kupitisha waya. Mkondo unaolazimika kuzunguka mfereji unarudisha lile duara kubwa ulilokuwa unalikimbia. Na usigawe shaba vipande viwili, "hasi safi" na "hasi chafu", kisha uviunganishe kwa waya. Nimeona ushauri huo mahali pengi. Kwenye kikasha kidogo unaharibu mara nyingi kuliko unavyotengeneza. Kinachotenganisha ni mpangilio, siyo msumeno.

Utajua umefaulu: rudia jaribio la usomaji 200 modemu ikituma. Kwa kawaida tofauti inashuka sana hapa hapa, kabla hata hujaongeza kapasita moja.

## Hatua ya 4: Kapasita ndogo, kando ya kila chipu

Chipu ya kidijitali haivuti umeme kwa utulivu. Inaunyofoa vipande vifupi vya nanosekunde chache. Waya kutoka konveta hauwezi kuleta umeme kwa kasi hiyo, kwa sababu kila milimita ya waya ina takriban nanohenri 1 za ukoili, na ukoili hupinga mabadiliko ya mkondo. Waya wa sentimita 10 ni nanohenri 100. Chipu ikibadilisha mkondo kwa miliampea 50 ndani ya nanosekunde 10, ncha za waya huo zinatofautiana nusu volti. Nusu volti, kwa muda mfupi sana, kwenye umeme wa volti 5.

Kapasita ya nanofaradi 100 kando ya chipu ni mtungi wa maji mlangoni: unachota hapo, kisimani wataleta baadaye. Lakini mtungi uwe mlangoni kweli. Weka kapasita moja kwa kila jozi ya miguu ya umeme ya chipu, milimita chache tu kutoka kwenye mguu, na mguu wake wa hasi uingie kwenye shaba papo hapo. ATmega328 ile ndefu ya miguu 28 ina VCC (umeme wa chipu) na AVCC (umeme wa sehemu inayosoma kihisi). Kila moja ipate yake.

Kata miguu ya kapasita. Kapasita yenye miguu miwili ya sentimita 2 inakuwa na nanohenri 40 za ziada, na kwa nanofaradi 100 hiyo maana yake juu ya megahezi 2.5 hivi inaanza kufanya kazi kama koili. Ukiikata ikabaki na milimita 5 kila upande, inafika megahezi 5. Hukununua chochote, umetumia mkasi.

Mambo mawili yanayowachanganya watu. La kwanza ni lile la kuweka kapasita za nanofaradi 100, 10 na 1 pamoja "ili kushika masafa yote". Zikiwekwa bila hesabu zinaweza kujibizana na kuzaa masafa ambayo kelele inaongezeka. Weka za aina moja, nyingi, karibu. La pili ni kapasita ndogo za seramiki za mikrofaradi 10 zilizoandikwa volti 6.3. Ukizipa volti 5 zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ndiyo sababu kwenye orodha nimesema volti 16.

## Hatua ya 5: Mpe modemu jiko lake

SIM800L inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na kwenye mpigo inafika ampea 2. Ukiilisha kutoka konveta moja na maikrokontrola, hata sakafu ya shaba haitakuokoa: ikivuta, volti za wote zinazama.

Ipe LM2596 yake peke yake. Zungusha skrubu yake mpaka mita isome volti 4.1 kabla ya kuunganisha modemu. Nimeshaona modemu mbili zikifa kwa mtu kuunganisha kwanza na kupima baadaye.

Sasa ndipo kapasita kubwa inapokuja, na hesabu yake ni nyepesi: mkondo mara muda, gawa kwa kapasita. Tuseme konveta imechelewa na kapasita inabeba ampea 2 zote kwa mikrosekunde 577. Kwa mikrofaradi 1000, volti zinashuka 1.15. Kutoka 4.1 unafika 2.95, na modemu imezima. Kwa mikrofaradi 2200 zinashuka 0.52, unabaki na 3.58, juu ya mstari. Kumbuka konveta nayo inasaidia, kwa hiyo hali halisi ni nzuri kuliko hapo. Ila umeona kwa nini ile ya 1000 pekee, mwisho wa jampa ndefu, haikumsaidia mtu.

Iweke ndani ya sentimita 2 kutoka miguu ya modemu, pamoja na seramiki moja ya mikrofaradi 10 na moja ya nanofaradi 100. Nyaya kutoka konveta ziwe nene, za milimita 0.5 za mraba, fupi, zimesokotwa pamoja.

Utajua umefaulu: tuma meseji kumi mfululizo, kisha piga simu kutoka kwenye kikasha. Kisiwake upya hata mara moja. Jaribu hivyo mahali penye mtandao hafifu, maana hapo modemu inarusha kwa nguvu zake zote. Mjini karibu na mnara haitoi jasho, na ndiyo siri ya vikasha vinavyofaulu Mtwara mjini na kufia vijiji vya Tandahimba.

## Hatua ya 6: Rilei na konveta ya pili

Rilei kwanza, ni fupi. Koili yake inavuta miliampea 70 hivi, na ikikatwa ghafla inarusha volti za kinyume zinazoweza kufika mamia. Chomea 1N4007 moja kwa moja kwenye miguu ya koili, mstari wa fedha ukielekea chanya. Ukiigeuza, unapiga shoti umeme na transista inayoiwasha rilei inaondoka. Bodi nyingi za rilei zinazouzwa zikiwa tayari zina dayodi hiyo. Angalia kabla ya kuongeza.

Kama rilei inawasha feni ya volti 230, sehemu hiyo ya kazi ifanywe na fundi umeme, na nyaya za 230 zisilale pamoja na za kihisi hata sentimita moja. Cheche za migusano ya rilei nazo ni kelele. Kapasita ya kuzizima iwe ile iliyoandikwa X2 kwa umeme wa majumbani. Seramiki ya kawaida hapo ni moto unaosubiri siku.

Konveta ya pili inatoa volti 5 kwa maikrokontrola na rilei. Ule ukataji wa mara 150,000 kwa sekunde unaacha mawimbi madogo kwenye umeme wake. Weka koili ya mikrohenri 10, ile ya ampea 1, kwenye waya wa chanya unaokwenda kwa maikrokontrola, na baada yake kapasita ya mikrofaradi 100 hadi kwenye shaba. Kwa kilohezi 150 koili hiyo inapinga kama omu 9.4, na elektroliti nzuri ina ukinzani wa ndani wa karibu omu 0.1. Mawimbi yanabaki moja ya tisini na kitu. Rilei ichukue umeme wake kabla ya koili, isiwe baada.

Hapa kuna makosa mawili ninayoyaona sana. Watu wanaweka ushanga wa feraiti badala ya koili. Ushanga unaoandikwa "omu 600" ni omu 600 kwa megahezi 100. Kwa kilohezi 150 ni kama waya tu. Wengine wanaweka regyuleta ya AMS1117 wakiamini itasafisha kila kitu. Inasafisha vizuri mawimbi ya taratibu, lakini uwezo huo unashuka kadiri masafa yanavyopanda. Ukiitumia, itangulize koili.

Na usiweke koili hii kati ya modemu na kapasita yake ya 2200. Modemu inahitaji mkondo wa ghafla, koili kazi yake ni kuzuia mkondo wa ghafla.

Onyo la sola: chaji kontrola nyingi za bei nafuu zinaunganisha pande za chanya na kukata upande wa hasi. Maana yake hasi ya paneli, hasi ya betri na hasi ya tundu la mzigo siyo kitu kimoja, hata kama zote zina alama ya kutoa. Kikasha kichukue hasi mahali pamoja tu. Ukichukua umeme kwenye tundu la mzigo kisha ukafunga kasha la chuma kwenye hasi ya betri, umeruka swichi ya kontrola, na mkondo utatafuta njia ndani ya bodi yako.

## Hatua ya 7: Kihisi na waya wake mrefu

Kihisi mara nyingi kinaning'inia katikati ya magunia, mita mbili au tatu kutoka kwenye kikasha. Waya huo ni antena. Sokota nyaya zote tatu pamoja. Ukipata waya wenye wavu wa shaba, wavu ufungwe kwenye hasi upande wa kikasha peke yake.

Mlangoni mwa kikasha weka rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya wa ishara, kisha kapasita ya mikrofaradi 10 hadi kwenye shaba, karibu na mguu wa maikrokontrola. Kichujio hicho kinaanzia hezi 16, kwa hiyo ile *drrr* ya 217 inapungua mara kumi na tatu hivi. Joto la ghala halibadiliki kwa sehemu ya sekunde, hupotezi kitu. LM35 haipendi kubebeshwa kapasita au waya mrefu bila rezista, inaweza kuanza kutetemeka, kwa hiyo weka rezista nyingine ya kilo-omu 1 kwenye mguu wake wa kutolea, kule kule kilipo.

Halafu, kwenye programu, acha kupimia volti 5 na utumie rejea ya ndani ya volti 1.1, ukiwa na nanofaradi 100 kwenye mguu wa AREF, ule wa rejea. Volti 5 gawa kwa 1024, idadi ya ngazi za kipimo cha maikrokontrola, ni milivolti 4.9 kwa kila ngazi, nusu nyuzi ya joto. Volti 1.1 ni milivolti 1.07, yaani sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Na umeme wa volti 5 ukiyumba, usomaji hauyumbi nao kama zamani. Kwa mguu wa AVCC, kama umejenga bodi yako mwenyewe, ulishe kupitia ile koili nyingine ya mikrohenri 10; ndivyo watengenezaji wa chipu wanavyoshauri.

Sasa tu ndiyo ruhusa kutumia ujanja wa programu: soma kihisi modemu ikiwa imenyamaza, chukua usomaji tisa, upange, tumia wa katikati. Nimeuweka mwisho makusudi. Anayeanza na programu anaficha ugonjwa, nao unarudi msimu wa pili.

## Hatua ya 8: Funga kikasha, kisha upime tena palepale

Safisha kwa spiriti na mswaki mabaki ya utomvu unaoyeyuka pamoja na risasi wakati wa kuchomea. Mabaki hayo yakikutana na unyevu wa pwani yanapitisha umeme kidogo, na kidogo hicho kinatosha kumdanganya kihisi. Bodi ikikauka, ipake vanishi ya umeme. Ukikosa kabisa, rangi ya kucha isiyo na rangi inashika kwa muda. Usipake kwenye migusano wala kwenye skrubu ya konveta kabla hujaifunga kwenye volti zake.

Nyaya zitokee chini ya kikasha, na kila waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke. Antena ya modemu iwe nje, upande wa mbali na waya wa kihisi.

Peleka ghalani. Rudia yale majaribio matatu ya hatua ya 1, mchana bati likiwa limewaka na usiku. Kikasha kizuri cha aina hii kinatofautiana ngazi mbili au tatu kwenye rejea ya volti 1.1, yaani chini ya nusu nyuzi, modemu iwe inatuma au imelala. Ukipata zaidi ya hapo wakati wa kutuma tu, rudi hatua ya 2 na utafute hasi inayotumiwa na wawili. Ukipata zaidi wakati wote, rudi hatua ya 7, uanze na kiungo cha waya wa kihisi.

Namba zote, za kabla na za baada, ziandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko kwa gundi ya karatasi. Fundi atakayekifungua baada yako aanze na hizo.